Acheni Kuivuta Miti kwa Kamba

Kila ipitapo mvua ya upepo mkali, kutoka Ngara hadi Biharamulo, kazi ni moja: kuvuta miti. Msindano umeinama kidogo tu, vijana watatu wanaukokota kwa kamba ya manila, wanauchimbia nguzo nene, kisha wanaukaza kwa waya mpaka gome linatoa utomvu. Jioni wanasema wameuokoa. Kwa kweli wameuongezea majeraha.

Imani kwamba mti ulioinama lazima uegemezwe imetoka kwenye migomba. Kagera nzima tunaegemeza mgomba kwa mti wenye panda, na hapo hatukosei: mkungu ni mzito, shina huzaa mara moja na likivunwa hukatwa. Msindano tunautaka usimame miaka 20 au zaidi. Shina lake hunenepa kwa kutikiswa, na mizizi hukaza kwa kusukumwa na upepo. Ukiufunga usitikisike, hurefuka bila unene, na siku ukifunguliwa, dhoruba ya kwanza inauvunja.

Wengine husema ukiachwa utabaki kombo. Hao hawajautazama kwenye ncha. Msindano mchanga ulioinama huipandisha ncha yake wenyewe, ukijenga mbao nzito upande wa chini wa shina. Kombo litabaki karibu na kisiki na ubao wa pale hautakuwa mzuri, lakini mti utaendelea kukua.

Kigingi kina mahali pake. Udongo uwahi ungali majimaji: mche wa mwaka mmoja au miwili unyanyue taratibu kungali na tope, shindilia udongo kwa kisigino, ufunge chini ya nusu ya kimo chake kwa kipande cha mpira wa baiskeli, uulegeze ucheze. Baada ya mwaka, ng'oa kigingi. Mti mkubwa ulioinua udongo upande mmoja umeshakatika mizizi. Kuuvuta ni kuikata na iliyobaki. Ukiwa karibu na nyumba au njia, ukatwe.

Na kabla ya kuulaumu upepo, chunguza mizizi ya mti ulioanguka. Mara nyingi utakuta imejizungusha kwa umbo lile lile la kiriba, mfuko wa nailoni wa kitaluni. Mche ulichelewa kitaluni, ukapandwa bila kuchanwa nailoni, mizizi ikakosa pa kutawanyikia. Nguzo ya juu itatibu vipi ugonjwa wa chini?

Ngara iliona vilima vya kambi ya wakimbizi ya Benaco vikikatwa miti kwa ajili ya kuni mwaka 1994; inajua gharama ya kurudisha mti mmoja. Basi msimu huu, kataa mche uliopitiliza kitaluni. Chana kiriba chote, kata mizizi iliyojikunja kitakoni, ndipo upande. Hela ya waya na nguzo mpe mwenye kitalu anayejua kazi yake.