Tuwafunze Waokoaji Kabla ya Ajali

Asubuhi ya tarehe 6 Novemba, 2022, ndege ya abiria iliyotoka Dar es Salaam ilianguka katika Ziwa Victoria ilipokuwa ikikaribia kutua Bukoba. Ndani yake walikuwamo watu 43. Waliopona ni 24. Wenzetu 19 walipoteza maisha, marubani wote wawili wakiwamo. Miongoni mwa waliofika kwanza kutoa msaada ni wavuvi waliokuwa jirani na mitumbwi yao. Hawakuwa na mavazi ya kuzamia, wala mitungi ya hewa, wala mafunzo ya uokoaji. Walikuwa na makasia, nguvu za mikono yao, na utu.

Taifa liliwashukuru. Kijana mmoja kati yao alipongezwa na viongozi, na ikaagizwa apokewe katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ili apewe mafunzo. Sisi tuliifurahia hatua ile, na tunaifurahia hata leo. Lakini kila tunapoikumbuka, swali moja hutujia: Je, ni lazima ndege ianguke ndipo mtoto wa mvuvi aione njia ya kuingia katika kazi ya uokoaji?

Tunalotaka kulisema leo ni hili. Nchi yetu haina upungufu wa watu wenye moyo wa kuokoa wenzao. Kinachopungua ni njia iliyo wazi, inayomchukua mtu wa namna hiyo kutoka mwaloni, kijijini au kwenye kituo cha magari, ikamfunza, ikampa cheti, ikamwajiri, na kumwezesha kupanda kwa kadiri ya bidii yake.

Ziwa hili limekwisha kutufundisha kwa bei kubwa mno. Tarehe 21 Mei, 1996, meli ya MV Bukoba ilipinduka karibu na Mwanza, na mamia ya watu wakafa. Waliokuwa wamenaswa ndani walisikika wakigonga, na walio nje, kwa nia njema kabisa, wakatoboa tundu ili wawatoe. Hewa iliyokuwa imekishikilia chombo juu ya maji ikatoka, nayo meli ikazama. Hatulisemi jambo hili ili kumlaumu yeyote aliyejitolea siku ile. Tunalisema kwa sababu linaonyesha, kuliko hotuba yoyote, kwamba huruma isiyo na maarifa huweza kushindwa hata pale inapokuwa imefika kwa wakati. Miaka 22 baadaye, Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara, na watu zaidi ya 220 wakafa. Na safari ile pia, wananchi wa visiwani na mitumbwi yao walikuwamo katika kazi ya kuwatoa watu majini.

Ni haki tukiri kwamba yako yaliyotendeka. Sheria ya mwaka 2007 ilileta Jeshi moja la Zimamoto na Uokoaji chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, baada ya miaka mingi ya vikosi vilivyotawanyika katika halmashauri. Jeshi hilo lina chuo chake huko Chogo, Handeni, na namba yake ya simu ya dharura ni 114. Katika upande wa tiba, Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifungua idara kamili ya tiba ya dharura mwaka 2010, na Chuo Kikuu cha Muhimbili kikaanza kuwafunza madaktari bingwa wa fani hiyo. Tena upo mpango wa m-mama, ambao kwa namba 115 huwaita madereva wa magari ya wagonjwa, na pale yanapokosekana huwaita madereva wa kawaida wa mahali pale, kumwahisha hospitali mama mjamzito au mtoto mchanga aliye hatarini.

Haya yote ni mema. Lakini mtu akiyatazama kwa pamoja ataona ngazi ambayo vipandio vyake vya juu vimetengenezwa vizuri, na vya chini vimeachwa wazi. Daktari bingwa yupo hospitalini akisubiri. Afisa wa zimamoto ana cheo chake na utaratibu wa kukipanda. Ila yule anayemfikia majeruhi katika dakika za mwanzo, ambaye ni mvuvi, dereva, mwenye bodaboda au mwanafunzi apitaye njia, hajafunzwa na mtu yeyote. Nazo ndizo dakika ambazo mtu hufa kwa kuvuja damu au kwa kukosa pumzi.

Mlango wa kuingilia nao una kasoro. Kwa kawaida kijana anayeomba nafasi katika Jeshi hutakiwa awe amemaliza walau kidato cha nne, awe na umri uliowekwa na afya njema. Hatuna ugomvi na masharti hayo. Hata hivyo, yatazame kwa macho ya kijana wa Ukerewe aliyeacha shule darasa la saba, akakulia katika uvuvi wa dagaa usiku, anayeujua upepo wa ziwa na anayeweza kuogelea mbali kuliko wengi wenye vyeti. Kijana huyo hana mahali pa kuanzia. Siku ya ajali tunamwita shujaa, na siku ya usaili hatumwoni.

Sisi tunaona dawa yake haiko mbali. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, VETA, inao utaratibu wa kuupima na kuurasimisha ujuzi ambao mtu ameupata kazini bila kukaa darasani. Waashi, maseremala na mafundi wa magari wamenufaika nao. Kwa nini waogeleaji, manahodha wa mitumbwi na wazamiaji wa ziwani na wa pwani wasipimwe vivyo hivyo? Wapimwe majini, wafunzwe kile wasichokijua, wapewe cheti, na cheti hicho kihesabiwe mlangoni mwa Jeshi. Wasioajiriwa wabaki mialoni kwao wakiwa waokoaji wa akiba, majina yao yakijulikana kituoni, na wakiwa na maboya na kamba.

Jambo la pili ni shule. Mtoto anayeishi kando ya maji afundishwe kuogelea, na kila mtoto afundishwe huduma ya kwanza: kuzuia damu, kumlaza vema aliyezimia, na kupiga simu akaeleza kwa ufasaha mahali alipo. Chama cha Msalaba Mwekundu, ambacho kimekuwapo kwa sheria tangu mwaka 1962, pamoja na vikundi vya skauti, wana uzoefu wa kufundisha mambo haya. Anayeyajua tangu utotoni ndiye atakayeipenda kazi hii ukubwani.

La tatu ni madereva. Anayempeleka mama mjamzito usiku wa manane anafanya zaidi ya kazi ya usukani. Mafunzo mafupi ya kumhudumia mgonjwa njiani yawe kipandio chake cha kwanza, naye akitaka kuendelea hadi astashahada na stashahada ya utabibu wa dharura, asirudishwe mwanzo kana kwamba hajafanya lolote. Vivyo hivyo kwa konstebo wa zimamoto mwenye bidii ya kusoma.

Tunajua litakalosemwa. Watasema fedha hazitoshi, na kwamba yapo mahitaji ya magari na boti. Ni kweli yapo. Lakini gari la zimamoto lisilo na watu waliofunzwa ni mzigo wa chuma, na boti isiyo na mzamiaji haimtoi mtu chini ya maji. Kumfunza mvuvi kazi ya uokoaji hakuwezi kugharimu sawa na kununua boti mpya, na ujuzi wake hauishi mafuta. Wengine watasema kwamba tunataka kushusha viwango vya Jeshi. La hasha. Tunataka viwango vipimwe kwa kazi yenyewe, na maji ya ziwa ni mtahini asiyejua upendeleo.

Wahenga walisema, maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Nchi yetu imekwisha yavulia nguo maji haya. Ina sheria, ina chuo, ina namba za simu. Imebaki kuingia majini, yaani kuwafikia vijana wale wale ambao kila ajali inatuonyesha kwamba ndio wanaotangulia.

Tunatoa wito kwa Wizara ya Mambo ya Ndani, kwa Wizara za Afya na Elimu, na kwa VETA, wakae pamoja na kuijenga ngazi hii tangu kipandio cha chini. Nao viongozi wa mialo na wa vijiji wasisubiri barua. Waanze leo kuandika majina ya wanaojua kuogelea na kuzamia katika maeneo yao. Ajali nyingine itakuja siku tusiyoijua. Wavuvi watatangulia kufika, kama walivyotangulia Bukoba. Jukumu letu ni kuhakikisha kwamba safari hiyo wanafika na maarifa mikononi.