Pambo la Pembe ya Vitabu



Mwezi huu tunapenda kusema juu ya jambo ambalo wengi watalidhania dogo, nalo ni pambo la ile pembe ya vitabu inayotengwa darasani ili mtoto aketi asome kwa hiari yake. Limetushughulisha kwa sababu ya tuliyoyaona katika skuli moja hapa Pemba. Pembe ilikuwa imepambwa kwa maua ya plastiki na karatasi za kumetameta, vyote vya dukani, na mbele yake pamefungwa kamba. Tulipomwuliza mtoto mmoja ni kitabu gani amekwisha kukisoma, alijibu kwa adabu: "Haturuhusiwi kugusa. Hii ni ya wageni." Jawabu hilo lilituhuzunisha, kwani pambo lililowekwa limwite msomaji lilikuwa limegeuka bawabu wa kumzuia.

Basi na tutazame tulivyo navyo wenyewe. Ukindu upo, na mama zetu wanajua kuutia rangi, kuusuka ukili na kuushona mkeka. Mwalimu akiwaomba wazee wawili watatu waje darasani, watoto watajifunza kusuka ukili mwembamba, na ukili huo ukizungushwa ukutani utakuwa mpaka mzuri wa pembe yao. Vipande vya mkeka mkongwe vikikunjwa na kushonwa pande mbili huwa mifuko ya kutilia vitabu, majalada yakielekea mbele, maana mtoto asiyejua kusoma bado huchagua kitabu kwa kukitazama uso. Vifuu vilivyosuguliwa vikalainika huandikwa herufi moja moja na kutungwa kwa kamba ya kumbi, na mtoto akazipanga mpaka apate jina lake. Na kanga iliyochakaa ikitundikwa pazia, lisikatwe jina lake, kwani kile kitakuwa kisomo cha kila siku bila ya gharama.

Khabari ya picha za viumbe, nyumba zetu hazina rai moja. Lakini maua, majani, nyota na herufi hazimtii mtu mashakani. Na tutahadhari tusiandike Aya wala jina la Mwenyezi Mungu juu ya kitu kinachoweza kuanguka kikakanyagwa.

Wala njia hii si ngeni kwetu. Mwaka 1986 Bi Swafiya Said alianza huko Mombasa, kwa msaada wa taasisi ya Aga Khan, kazi ya kuanzisha skuli za watoto wadogo zilizofungamana na madrasa, na mwaka 1990 kazi hiyo ikafika Zanzibar. Waalimu wake walifundishwa kuligawa darasa kwa pembe, ya vitabu ikiwa mojawapo, na kutengeneza vifaa kwa vitu vipatikanavyo mtaani, wazazi nao wakishiriki.

Yako mambo mawili ya kuangaliwa. La kwanza, masika yetu ni mazito, na mkeka uliogandamana na ukuta hushika ukungu, kisha ukungu ukahamia vitabuni. Basi uachwe upenyo nyuma yake, na siku za jua vitu vyote vitolewe nje vianikwe. La pili, kila kitu kitundikwe kwa kimo cha macho ya mtoto aliyeketi, si cha mgeni aliyesimama mlangoni.

Na zaidi ya hayo mawili, twawasihi waalimu: ukili wa mtoto utakuwa umepinda, hapa umekaza na hapa umelegea. Msiufumue baada ya watoto kwenda zao mkausuka upya ili upendeze. Kesho yake mtoto huja akautafuta wake, na asipouona hujua kuwa kazi yake haikutakiwa; naye asiyetakiwa katika pembe hiyo hatakwenda kuketi humo kusoma. Bali auonapo, humwita mwenzake amwonyeshe, na wakiwa wamekwisha fika hapo, kitabu kiko karibu na mkono.

Nanyi wazazi, msingoje kuitwa. Ulizeni wiki hii kama darasa la watoto wenu lina pembe ya vitabu, na kama lipo hitaji la ukindu au la mkono wa kusuka. Na mkiikuta kamba mbele yake, ombeni kwa upole ifunguliwe.

Mwenyezi Mungu atuwafikishe sote katika kheri. Amin.