Anayempinga Kiongozi kwa Haki Anamsaidia

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu. Rehema na amani zimfikie Mtume Muhammad (S.A.W.), ambaye aliteremshiwa wahyi na bado akaamrishwa kushauriana na masahaba wake (Aal Imran, 3:159).

Ndugu Waislamu, tuizingatie aya hiyo iliteremka wakati gani. Kabla ya vita vya Uhud, rai ya Mtume (S.A.W.) ilikuwa kujihami ndani ya Madina. Masahaba wengi walitaka kutoka, naye akaridhia. Waislamu wakapatwa na msiba mkubwa. Baada ya msiba huo ndipo ikaja amri ya kuwasamehe na kushauriana nao. Hakuambiwa awatenge kwa kuwa rai yao ilitofautiana na yake.

Aidha, katika hadithi iliyopokewa na Bukhari tunafunzwa kwamba kila mtawala huwa na wasiri wa aina mbili: wanaomhimiza kheri na wanaomhimiza shari. Anayesifu kila neno la mkubwa wake hawezi kumzuia na shari.

Haja ya jambo hili tumeiona wilayani Ngorongoro. Juni 2022, alama za mipaka zilipowekwa katika kilometa za mraba 1,500 za tarafa za Loliondo na Sale, wananchi walipinga. Askari polisi mmoja aliuawa na wananchi wakajeruhiwa. Agosti 2024 wakazi wa Ngorongoro waliandamana. Tarehe 1 Desemba 2024, Rais Samia Suluhu Hassan alikutana jijini Arusha na viongozi wa mila wa Kimasai, akaahidi kuunda tume mbili, ya migogoro ya ardhi na ya uhamaji wa hiari.

Kusikiliza huko kunastahili pongezi. Lakini pingamizi linalosikilizwa mezani kabla ya uamuzi lina gharama ndogo kuliko linalosikilizwa baada ya damu kumwagika.

Basi kila mwenye mamlaka, awe wa taifa, wa kijiji, wa kamati ya msikiti au baba nyumbani kwake, aulize rai za wengine kabla ya kutangaza yake, wala asimwadhibu aliyemshauri kwa nia njema akakosea. Nasi tunaoshauri tuseme kwa adabu na kwa ushahidi, si kwa kutafuta umaarufu.

Mwenyezi Mungu awajaalie viongozi wetu wasiri wakweli, na atujaalie sisi ujasiri wa kusema haki. Amin.