Shoo Bila Mheshimiwa: Hesabu Kwanza, Steji Baadaye

Kama unaishi Ukunda, Diani au Msambweni, mwito wa kuchanga unakufikia karibu kila wiki. Grupu ya WhatsApp inaundwa usiku, ukiamka asubuhi ushaongezwa bila kuulizwa. Leo ni bili ya hospitali, kesho karo ya mtoto, keshokutwa tangi la maji la shule fulani kule Kinango. Unatuma mia, unaandika "poleni sana", unatoka kimyakimya. Watu wamechoka, na si kwamba hawana roho. Wamechoka kwa sababu hakuna anayerudi kuwaambia pesa iliishia wapi.

Ndiyo maana vijana wengi sasa wanataka kuchangisha kwa shoo: usiku mmoja wa burudani mseto, tiketi mlangoni, doo zote kwa mwenye shida. Wazo ni safi. Mtu anatoa mia mbili, anacheka, anacheza, na mgonjwa anapata dawa. Shida ni mpangilio. Wengi wanaanza na staa wa kualika, wanafuata bango, kisha wanamsaka mheshimiwa wa kuwa mgeni rasmi. Hesabu inafikiriwa mwisho. Mimi nasema tugeuze: hesabu iwe ya kwanza, na mheshimiwa asiwepo kabisa.

Tuanze na mheshimiwa. Julai 2024, moto wa maandamano ya Gen Z ukiwa bado haujapoa, Rais William Ruto alitangaza kwamba maafisa wa serikali na watumishi wa umma wasishiriki harambee. Tangazo ni kitu kimoja, mazoea ni kingine. Bado tunaona vijana wakizunguka na kadi za mwaliko ofisi hadi ofisi, wakiamini bila mkubwa hakuna shoo.

Lakini angalia anachokuja nacho. Anafika amechelewa saa mbili. Msanii anakatwa katikati ya wimbo ili salamu zitolewe. Hotuba inakula muda wa wachekeshaji watatu. Bahasha inatajwa kwa maikrofoni, na kuanzia hapo yule mgonjwa anakuwa mtaji wa kampeni. Mbaya zaidi, mwenye mia mbili yake anairudisha mfukoni: "Si mkubwa atamaliza?" Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa mgeni wa aina hii, mwenyeji hubaki na deni la shukrani mpaka siku ya kura.

Na kusema kweli, hatuna haja naye. Pwani ya kusini imejaa vipaji. Hoteli za Diani zimezoea kuwaburudisha watalii jioni kwa sarakasi, ngoma na waimbaji. Wengi wa hao wasanii ni majirani zetu, na mtaa wenyewe hauwaoni wakicheza. Ongeza sengenya ya Wadigo, taarab, chakacha, mashairi, komedi, na ma-MC wa mtaani wa kufreestyle. Huu mchanganyiko una faida ya pesa pia, kwa sababu kila kundi linakuja na watu wake. Sengenya itawatoa wazee Msambweni. Rap itawaleta wasee wa Ukunda. Taarab itawaleta kina mama, na kina mama wanakuja na desturi ya kutunza. Noti zinazopelekwa kwa mwimbaji ni mchango ambao tayari uko ndani ya utamaduni wetu. Kubaliana na mwimbaji mapema tuzo za usiku huo ziende kwenye ndoo ya hisani, na uwatangazie watu kabla hajafungua mdomo.

Sasa hesabu. Chukua mfano huu. Umeuza tiketi 300 kwa shilingi 200, una 60,000. Spika na jenereta 22,000. Hema, viti na steji 13,000. Nauli na chakula cha wasanii 10,000. Mabango, vibali na walinzi 8,000. Jumla 53,000. Kilichobaki ni 7,000. Watu mia tatu wamekwenda nyumbani wakijua kila mmoja ametoa mia mbili kwa ajili ya mgonjwa, na kumbe kila mmoja ametoa shilingi 23. Hakuna aliyeiba hata senti. Shoo ilikuwa moto. Ila mwenye shida ameambulia nauli.

Dawa ni kanuni moja: vitu vikubwa vipatikane kabla tiketi ya kwanza haijauzwa. Badala ya kumwomba mwenye hoteli au mwenye duka pesa, mwombe kitu. Huyu spika kwa usiku mmoja, yule hema na viti, mwingine jenereta yenye mafuta. Ni rahisi zaidi mtu kukuazima alichonacho kuliko kukupa noti, na huwezi kula spika. Kwenye mfano wetu, 35,000 za vyombo zikiondoka, gharama inabaki 18,000 na mgonjwa anapata 42,000. Watu ni wale wale, tiketi ni ile ile. Ukikosa vyombo, punguza shoo. Spika mbili kwenye ukumbi wa shule zinatosha.

Usibane kwa wasanii, lakini. Kijana wa sarakasi anayeishi kwa mwili wake hawezi kuambiwa kila wiki ati "njoo bure, utajulikana." Mlipe nauli, mpe chakula, na umuulize wazi: unachanga kipaji chako usiku huu au unataka malipo? Akichanga, mtaje kama mchangaji, sawa na aliyetoa pesa.

Halafu kuna karatasi, sehemu inayotuchosha wengi. Mnamo Agosti 1, 1971, George Harrison na Ravi Shankar waliandaa tamasha Madison Square Garden, New York, kusaidia wakimbizi wa Bangladesh. Shoo mbili kwa siku moja. Pesa za mlangoni, takriban dola 243,000, zilifika UNICEF. Lakini mamilioni ya albamu na filamu yalikwama miaka kadhaa kwa watu wa kodi Marekani, kwa sababu waandalizi hawakuwa wamejisajili mapema kama shughuli ya hisani. Kama wenye mawakili walikwama, je, mbogi ya watu watano wenye laini moja ya simu?

Basi fanyeni hivi. Sajilini kikundi katika ofisi ya maendeleo ya jamii, ama mfanye kazi chini ya kikundi kilichosajiliwa tayari. Kuchangisha umma Kenya kunahitaji kibali, ulizeni hapo hapo. Pitieni kwa chifu na kituo cha polisi, kaunti kuhusu kelele, na ulizeni leseni ya muziki mtakaopiga. Pesa iingie kwenye till au paybill ya kikundi, isiingie kwenye simu ya mtu, hata kama mtu huyo ni mwaminifu kuliko wote. Mwaminifu naye hupoteza simu. Kama bili ni ya hospitali, lipeni hospitali moja kwa moja na mchukue risiti.

Ujue na mahali ulipo. Hapa kwetu shoo ianze baada ya swala ya isha, isiwekwe Ramadhani, na isifanywe kwenye baa kama unataka mama wa Msambweni aje na binti yake. Masika ikinyesha, uwanja wa wazi ni kamari. Stima hupotea, kwa hiyo jenereta si anasa. Ongea na madereva wa tuktuk na boda mapema kuhusu bei ya kurudi usiku, maana msichana asiyejua atarudi vipi Gombato saa tano hatanunua tiketi.

Na jambo moja ambalo halina mjadala: usimpandishe mgonjwa jukwaani. Usimsimamishe mtoto mbele ya watu mia tatu wenye simu juu ili machozi yake yauze mnada wa jogoo. Picha hiyo itamfuata shuleni miaka kumi. Eleza shida kwa maneno, kwa ruhusa ya familia, taja kiasi kinachotakiwa, inatosha. Mwaka 2011 Wakenya walichangia waathiriwa wa njaa kupitia Kenyans for Kenya, wengi kwa M-Pesa na viwango vidogo, wakapita lengo la shilingi milioni 500. Wengi wao hawakuwahi kukutana na hata mmoja wa waliosaidiwa.

Kazi ya mwisho ndiyo inayoamua kama kutakuwa na shoo ya pili. Ndani ya siku saba toa hesabu: tiketi zilizouzwa, tuzo, mnada, kila gharama, kilichobaki, na risiti ya kilipokwenda. Ukurasa mmoja tu. Tupia kwenye grupu, bandika ulipobandika bango, mpe chifu aisome barazani. Kama ilibaki elfu saba, andika elfu saba. Watu watakusamehe kiasi kidogo. Kimya hawakisamehi, na kimya ndicho kilichotufanya tuwe tunatoka kwenye magrupu usiku.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa hiyo kabla hujampigia staa simu, kabla hujachora bango, nunua daftari la shilingi hamsini. Andika jina la kikundi juu, na kwenye mstari wa kwanza andika kiasi ambacho mwenye shida anahitaji. Kila shilingi utakayotumia, ilinganishe na mstari huo.