KOMPYUTA YA MICHEZO: TUNUNUE IPI?



Tangu klabu yetu ya hapa Kabezi ilipokusanya faranga za kununulia kompyuta ya mezani ya michezo, maneno yamekuwa mengi. Vijana wanataka ile iliyokwisha kuundwa, yenye kioo ubavuni na taa nyekundu na buluu. Baadhi ya wanafunzi wa zamani wanasema tununue vipande tuunde wenyewe. Mimi siafikiani na upande wowote.

Taa hazichezi mpira. Linaloendesha mchezo ni kadi ya picha kwanza, kisha prosesa, kisha kumbukumbu. Lakini muuzaji huandika kwa herufi kubwa "Core i7", akanyamaza. Ya mwaka gani? Ile i7 ya kizazi cha 2 ilitoka mwaka 2011, nayo hushindwa na i5 ya kizazi cha 8 iliyotoka mwaka 2017. Tena Windows 11 hukataa karibu prosesa zote za Intel zilizo chini ya kizazi cha 8, na matengenezo ya kawaida ya Windows 10 yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Basi aulizwe kizazi kabla ya bei.

Kuunda wenyewe ni elimu nzuri, sikatai. Lakini kipande kimoja kikiagizwa Dubai na kingine Dar es Salaam, kikifika kibovu nani atakirudisha? Mashine nzima huwashwa mbele ya muuzaji, ukaona siku ile ile. Na bei ya kumbukumbu ilipanda mno mwishoni mwa mwaka 2025, viwanda vilipogeukia mitambo ya akili bandia; anayenunua mashine nzima iliyotumika huipata kumbukumbu ikiwa imo ndani tayari.

Kwa hiyo nasema tununue mashine ya ofisi iliyotumika, kama Dell OptiPlex au HP EliteDesk, tuitie kadi ya picha. Ila hapa ndipo wengi wanaponaswa. Mashine hizo zimo za mnara na zimo nyembamba. Nyembamba hupendeza mezani, lakini haipokei ila kadi fupi, ambazo ni adimu. Tutake mnara. Kisha kisanduku chake cha umeme ni kidogo, na mara nyingi si cha umbo la kawaida, hata huwezi kukibadili kwa chochote ukipatacho dukani. Tundu la kadi hutoa wati 75 tu. Basi itufae kadi isiyodai waya wa ziada, kama GTX 1050 Ti au GTX 1650 za namna hiyo. Ile 1050 Ti ndiyo kadi ya chini kabisa iliyotajwa kwa mchezo wa EA Sports FC 25, na najua ninyi vijana mpira ndio mnaoutaka, hata mkisema mengine mbele ya mwalimu.

Tukifika dukani tufungue ubavu. Vumbi lililogandamana na pangaboi lenye kelele ni dalili ya maisha magumu. Tutazame nyuma pia: mashine nyingine zilizotoka Marekani zina swichi iliyowekwa volti 115, na umeme wetu ni volti 220. Ukiwasha hivyo, utasikia mlio mmoja tu.

Fedha zitakazobaki zinunue betri ya akiba, kwa maana umeme hukatika bila kubisha hodi, na diski isiyozunguka ya kutosha, kwani mpira huo peke yake hudai giga 100. Giga 100 kwa intaneti ya simu! Hapo ndipo ninapowaomba wanafunzi wa zamani mlioko Bujumbura, wenye intaneti ya waya nyumbani: mashine ikinunuliwa, ikae kwenu siku mbili ipakie michezo yake, kisha mtuletee na gari la Rumonge linapopita hapa.

Kura ni mwisho wa muhula. Mimi nitapigia mnara mweusi.