Tufunze Watu Kabla ya Kugawa Miche
Na Mwanaisha Salim

Tarehe 13 Novemba 2023 serikali ya Kenya ilitangaza kuwa siku ya mapumziko ili taifa zima lipande miti. Shabaha ni miti bilioni 15 ifikapo 2032. Sina ugomvi na shabaha hiyo. Ugomvi wangu ni kwamba miche huhesabiwa ikitoka kitaluni, huhesabiwa tena ikiingia ardhini, kisha hesabu inakoma. Miezi sita baadaye nani anarudi kuitazama? Afisa wa misitu ana eneo kubwa asiloweza kulimaliza peke yake. Anayeweza ni mkazi wa pale pale, akifunzwa vizuri na kutambuliwa kuwa mlezi wa msitu.

Huku Pwani pengo hilo linaonekana wazi maji yakipwa. Wageni huletwa kwa basi, wanapewa mbegu za mkoko, wanazichomeka popote penye tope, picha zinapigwa, basi linaondoka. Lakini miti ya mikokoni haioti ovyo. Mlilana ndio unaosimama mbele kupokea mawimbi. Nyuma yake ni mkoko wenyewe, kisha muia na mkandaa. Mchu nao utaukuta mbele na utaukuta tena nyuma kabisa, kwenye chumvi kali. Ukipanda mkoko mahali pa mlilana umeutupa baharini. Mvuvi wa kaa anaujua mpangilio huu tangu utotoni, ila siku ya kupanda huwa haulizwi.

Gazi, kule Kwale, waliulizwa. Katika miaka ya 1970 mikoko ya hapo ilikatwa kwa wingi ikawa kuni za viwandani. Mwaka 1991 watafiti wa KMFRI, taasisi yetu ya utafiti wa bahari na uvuvi, wakaanza kupanda upya kwa majaribio, na wanakijiji wakafanya nao kazi. Mwaka 2013 ndipo ulipoanza mradi wa Mikoko Pamoja, ambapo vijiji vya Gazi na Makongeni hutunza hekta 117 na kuuza hewa ya kaboni inayohifadhiwa na miti hiyo. Mapato yameleta maji na vitabu vya shule. Watu husimulia zaidi habari ya fedha. Mimi huitazama ile miaka ishirini na ushei iliyotangulia, watu wakijifunza kupanda, kupima na kuandika.

Kupima huko kuna ufundi wake. Mti wa kawaida hupimwa unene kwenye mita 1.3 kutoka ardhini. Mkoko una mizizi inayotoka shinani juu ya tope, kwa hiyo utepe huzungushwa kiasi cha sentimita 30 juu ya mzizi wa juu kabisa. Ukikosea hapo, hesabu yote ya msitu imeharibika. Sasa mchukue mzee aliyekata boriti maisha yake yote. Akiutupia mti jicho mara moja atakwambia huu fito, huu pau, huu umefika boriti. Mkufunzi mwenye busara huanzia kwenye jicho hilo, halafu humwongezea utepe, fomu na kalamu. Na humfundisha kwa Kiswahili au Kidigo, kwa sababu kila mti wa mikokoni una jina lake hapa hapa.

Wangari Maathai aliliona jambo hili mapema. Alipoanzisha Green Belt Movement mwaka 1977, wataalamu walitilia shaka kama wanawake wa vijijini wasio na shule wangeweza kuotesha miche. Wakaiotesha, hata kwenye vyungu vilivyovunjika, wakaja kuitwa wanamisitu wasio na diploma.

Katika jimbo la Texas, Marekani, upo mpango wa aina hii tangu 1998, ambapo mtu mzima hufunzwa mambo ya mazingira kwa saa 40 au zaidi, kisha hutoa saa 40 za kujitolea kila mwaka ili kuhifadhi cheti chake. Napenda uzito wa makubaliano hayo. Semina zetu nyingi ni siku moja hotelini, chai, posho na cheti, basi. Hata hivyo, mama wa Gazi akikosa asubuhi moja ya kutafuta riziki amekosa chakula cha jioni. Alipwe nauli, apewe chakula cha mchana na viatu vya mpira, na asionekane mroho kwa kuvidai.

Tena daftari analoandikia mlezi huyo liwe na pa kwenda. Sheria ya misitu ya 2016 inaviruhusu vyama vya jamii kushiriki katika kusimamia msitu pamoja na shirika la misitu, KFS. Basi mlezi wa msitu akiandika kwamba usiku wa jana miti imekatwa kwa msumeno, ajibiwe kwa maandishi na aelezwe hatua iliyochukuliwa. Asipojibiwa mara tatu ataacha kuandika, na nani atamlaumu?

Makadirio ya bajeti za kaunti hufikishwa kwenye mabunge ya kaunti kufikia 30 Aprili. Vikao vya wananchi vikiitishwa, nendeni mkatafute kifungu cha miche. Kisha muulize cha kuwafunza watu kiko ukurasa gani. Kama hakipo, kidaini kiandikwe kabla hamjatia sahihi orodha ya mahudhurio.