Elimu ya Kompyuta Isiyo na Mkataba ni Nusu ya Elimu



Siku hizi makampuni makubwa yamekuwa waalimu. Yanaingia mashuleni na katika vyuo vikuu, yanawafundisha waalimu na wanafunzi kazi ya kompyuta na intaneti, na mwisho yanatoa vyeti. Huenda mwanachama akauliza jambo hili lina nini na watu wa reli. Jawabu ni kwamba mwalimu ni mfanya kazi kama sisi, wanafunzi hao ni watoto wetu, na kazi watakayoipata ndiyo itakayolisha nyumba zetu hapa Bongwe. Basi hatuna budi kusema.

Kwanza ieleweke kwamba hatukatai elimu. Mtu wa reli hawezi kuichukia mashine. Tangu treni ya SGR ianze safari mwaka 2017, abiria hukata tikiti kwa simu yake, na karani asiyejua kompyuta hana pa kukaa. Tena pengo lipo. Mwaka 2013 wakuu wa serikali waliahidi kompyuta kwa watoto wa darasa la kwanza, na kuanzia mwaka 2016 vishikwambi zaidi ya milioni 1 vilipelekwa katika shule za msingi. Shule nyingi zilivifungia kabatini, maana chombo kilifika kabla ya mwalimu kutayarishwa vya kutosha.

Kwa hiyo anayekuja kumfundisha mwalimu anakuja na kitu cha haja. Mwaka 2019 kampuni ya Huawei na washirika wake walileta Kenya kontena lililogeuzwa darasa, lenye kompyuta na umeme wa jua, ambalo huvutwa na lori hadi vijijini. Kampuni hiyo ina mpango mwingine ulioanza mwaka 2008, uitwao Seeds for the Future, wa kufundisha wanafunzi wa vyuo vikuu wa nchi nyingi, na Wakenya wamo. Nayo serikali mwaka 2016 ilianzisha Ajira Digital, ikisaidiwa na Mastercard Foundation, ili vijana wajifunze kutafuta riziki katika intaneti. Haya ni mema na twashukuru.

Lakini wazee husema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni amekwisha kuja. Sasa twauliza kama mwenyeji anapona, na twauliza mambo matatu.

La kwanza, elimu hiyo ni mali ya nani? Sisi wa Kwale tuna mfano mlangoni. Kampuni ya Base Titanium ilichimba mchanga wa madini hapa kwetu, ikalipia watoto karo na kufundisha vijana kazi. Mwezi wa Desemba 2024 uchimbaji ukakoma. Siku kama hiyo ikifika, fundi wa kuchomelea vyuma mwenye cheti kinachokubaliwa kila mahali hufunga mzigo wake akatafuta kwingine. Aliyefundishwa vifungo vya mtambo mmoja tu hubaki akiutazama mtambo ukiondoka. Kompyuta ni vivyo hivyo. Anayefundishwa bidhaa za kampuni moja peke yake amefundishwa kuwa mteja, hajafundishwa ufundi.

La pili, nani analipa? Mwalimu akiitwa kufundishwa Jumamosi au wakati wa likizo, nauli yake, bando la intaneti lake, na watoto wake wamngojee nyumbani, huo si muda wa kazi? Mwaka 2021 Tume ya Utumishi wa Walimu ilipoleta mafunzo ya lazima, mwalimu alitakiwa kulipa shilingi 6,000 kwa mwaka kutoka mfukoni mwake, na waalimu wengi wakapinga. Walikuwa na haki. Mfanya kazi hanunui nyundo ya mwajiri.

La tatu, na ndilo kubwa, mbele kuna kazi gani? Mwezi wa Januari 2023 gazeti la Time la Marekani lilieleza habari za vijana wa Nairobi walioajiriwa na kampuni ya Sama kwa kazi ya OpenAI. Kazi yao ilikuwa kusoma maneno ya mauaji na unajisi na kuyatia alama, ili mashine ijue ya kuyaepuka. Walipata chini ya dola 2 kwa saa. Wengine jijini humo walikuwa wakichuja picha za kutisha za Facebook, na wengi wao wakaumia akili. Hawa si watu wasiojua kompyuta. Kompyuta waliijua sana. Walichokosa ni mkataba wa haki na watu wa kusimama nao. Siku ya Wafanya Kazi, tarehe 1 Mei 2023, zaidi ya 150 kati ya wafanya kazi wa namna hiyo walikutana Nairobi wakapiga kura kuunda chama chao. Somo hilo halimo katika cheti chochote cha kampuni.

Kwa sababu hiyo twataka haya. Mpango wa kufundisha waalimu ukipatanwa, vyama vya waalimu viitwe mezani kabla ya sahihi kutiwa, si baada yake. Mafunzo yawe katika saa za kazi, na gharama isiwe ya mwalimu. Na kila darasa la kompyuta liwe na somo la ujira, mkataba na sheria ya kazi. Kifungu cha 41 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila mfanya kazi haki ya ujira wa haki na ya kujiunga na chama. Kukisoma hakuchukui hata saa moja.

Nanyi wazazi wa Bongwe, Gombato na Ukunda, mhimizeni kijana ajifunze kwa bidii, asiache nafasi yoyote. Lakini akiletewa mkataba wa kazi ya intaneti asitie sahihi mbio mbio. Aulete tawini tuusome pamoja, neno kwa neno. Asiye mwanachama pia aje. Hatutamdai ada kwa kumsomea.

UMOJA NI NGUVU.